Sekunde za Mama Pasi

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupiga pasi katika duka la dobi lililotazamana na geti la chuo. Ya pili ilikuwa kuwa na wasiwasi. Ya kwanza alilipwa. Ya pili aliifanya bure, tena bila likizo.

Akifunga mlango wa nyumbani asubuhi, alishuka ngazi, kisha akapanda tena kuusukuma. Akichomoa waya wa pasi, alirudi kuutazama kama kweli umechomoka. Binti yake akichelewa kurudi, kabla hajagonga mlango mama alikuwa keshamzika, keshamlilia na keshamfufua. Watu wa mtaa walimwita Mama Pasi. Walimpenda na kumcheka kidogo, kama watu wanavyomcheka mtu ambaye ndiye wanayemwachia funguo zao wakisafiri.

Binti alikuwa mmoja tu. Baba wa binti alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na safari ziliendelea kurefuka mpaka moja ikakosa marudio. Hakufa. Alipata tu mahali pengine pa kuegesha. Mama na mtoto wakabaki wawili katika vyumba viwili juu ya duka la vioo, na mtoto akarefuka bila kunenepa, wenzake wakamwita Njiti. Alisoma chuo kile kile cha ng'ambo ya barabara, akafika mwaka wa tatu ambao ndio wa mwisho, na alicheza mpira wa kikapu katika timu ya wasichana. Yeye ndiye aliyeupandisha mpira kutoka nyuma na kuamua uende kwa nani.

Mama Pasi hakuujua mchezo huo. Mara ya kwanza alikwenda ukumbini kwa sababu alisikia msichana mmoja ameteguka kifundo cha mguu, akaona kama mwanawe naye atateguka, basi ateguke yeye mama akiwa anamwona. Lakini mchezo una hila. Unaingia kama mgeni wa kuomba maji, unajikuta umempa kitanda. Haukupita muda, Mama Pasi akawa anasimama, anakaa, anashika kichwa na kubishana na waamuzi ambao hawakumsikia.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na paa la bati, sakafu ya mbao iliyovimba pembeni kwa unyevu, na benchi za ngazi upande mmoja tu. Juu ya kila goli palikuwa na saa ya taa nyekundu, ile inayohesabu sekunde ishirini na nne ambazo timu inaruhusiwa kukaa na mpira kabla ya kuutupa golini. Zikiisha honi inalia, na mpira wanapewa wapinzani. Sasa, saa ya upande wa mlango ilikuwa imekufa. Fundi alikuja, akapanda ngazi, akaigonga, akashuka, akasema inataka kifaa. Kifaa hakikuja, na fundi hakurudi. Ikabaki hai ile ya upande wa stoo peke yake. Kila kipindi cha pili timu ya chuo ilishambulia goli la upande wa mlango, na saa iliyo hai ikawa nyuma ya migongo ya wasichana. Nani ageuke kutazama nyuma huku mtu anamnyang'anya mpira mbele? Hata kocha hakuiona, maana benchi la timu lilikuwa chini ya saa hiyo hiyo. Kuisoma ilibidi asimame na kupinda shingo kama mtu anayetafuta ndege juani.

Watazamaji ndio waliozua dawa. Wao walikaa ubavuni na saa waliiona. Zikibaki sekunde tano, mtu ahesabu kwa sauti, wachezaji wasikie. Mwanzo walihesabu wote, ikawa soko, kila mtu na tano yake. Ndipo Kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la dobi na ambaye hakukosa mechi hata akiwa na homa, akatoa shauri.

"Apewe Mama Pasi," alisema. "Huyu akikuambia shati lako liko tayari, liko tayari. Halafu ana sauti. Juzi kaniita kutoka dirishani, nusura nimkate mteja sikio."

Wageni walipolalamika, waliambiwa na wao waje na mtu wao wa kuhesabu. Waamuzi wakasema mradi honi inalia kwa haki, mtu kupiga kelele si kosa.

Basi Mama Pasi akawa saa. Wasichana wakamzoea. Sauti yake ikisema tano, mwenye mpira anajua bado ana nafasi ya kudunda, kuchagua na kutupa. Wengine waliendelea kuiba jicho nyuma, kwa usalama. Njiti hakugeuza shingo hata siku moja. Mama akisema tano, ni tano.

Msimu huo wa mwisho wa Njiti alikuja kocha mpya, dada kijana, mpole, mwenye tabia ya kuongea huku anaokota vitu sakafuni. Kocha wa zamani aliwafundisha kukimbia na kutupa: mpira ukifika, tupa, ukikosa, ufukuzie. Huyu mpya aliwafundisha kusubiri. Na kusubiri, kwa mtu aliyekaa kwenye benchi ya mbao, ni adhabu.

Mashambulizi yakawa hivi. Njiti anapandisha mpira, anampa wa kulia. Wa kulia anamrudishia. Njiti anampa wa kushoto. Wa kushoto anaupokea kama aliyepewa mtoto mchafu amshike, anaurudisha upesi. Mrefu wa chini ya goli anapewa, anazongwa, anautoa nje. Kisha yote yanaanza tena. Mwishoni mtu mmoja anautupa kwa kuwa hana la kufanya, unagonga ringi, unatoka. Mechi za mwanzo walifungwa, na walifungwa vibaya, si kwa kuzidiwa bali kwa kutofunga.

"Haraka haraka haina baraka, nakubali," alisema Kinyozi, "lakini polepole hii nayo ina laana."

"Wanapeana mpira kama bili ya hotelini," alidakia fundi viatu aliyekaa nyuma yake. "Kila mtu: lipa wewe! Aka, lipa wewe!"

"Mama Pasi, mtoto kafuata kwako! Pasi, pasi, pasi! Mpeleke dukani akakusaidie mashati!" alipokea mwingine.

Mama Pasi alicheka pamoja nao. Alicheka kwa meno. Lakini siku moja, mpira ukiwa unazunguka kwa raundi nyingine tena isiyo na mwisho, mwanafunzi wa benchi ya juu alisimama akapaza sauti: "Njiti imelowa hiyo! Haiwaki!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, kisha ukaipokea. "Imelowa! Imelowa!" Walipiga makofi kwa mdundo. Kinyozi naye alianza, akamwona Mama Pasi pembeni yake, akaigeuza sauti kuwa kikohozi.

Mama Pasi alimtazama mwanawe. Njiti alifuta viganja kwenye bukta, akapandisha mpira, akampa wa kulia, kama alivyoagizwa.

Nyumbani, alipoulizwa, binti alisema maneno machache tu. "Wananicheka kwa kazi niliyopewa, mama. Wacha wacheke."

Lakini mama hakuwacha. Alipika akiliwaza jina lile, akaosha vyombo akiliwaza. Mwaka ni wa mwisho. Mtoto ataondoka pale na jina gani? Yule msichana wa njiti iliyolowa? Na kocha akichoka kusikia kelele, si atamweka benchi? Hivyo ndivyo ulivyokuwa wasiwasi wake: ukipewa uzi, unashona gauni zima.

Mechi iliyofuata, kipindi cha pili, mpira ulizunguka, watu wakaanza kupiga makofi yale ya mdundo, na Mama Pasi akaitazama saa ya upande wa stoo. Ilisoma kumi na moja. Mdomo ukafunguka kabla yake.

"Tano!"

Njiti alishtuka. Akadunda mara moja, akaruka, akatupa. Mpira ukapita katikati ya wavu bila kugusa chuma, na ukumbi mzima ukainuka.

"Imewaka! Njiti imewaka!"

Watu wengi walikuwa wakitazama mpira, si saa. Kinyozi alikuwa ameitazama saa. Akamwinamia Mama Pasi sikioni. "Saa yako inakimbia, dada."

"Nyamaza wewe."

"Mimi? Mimi sina neno. Acha ikimbie! Ilitaka mtu wa kuichapa."

Ikawa mazoea. Si kila mara. Mara moja moja, kama mtu anayepita jikoni akichovya kidole kwenye sukari. Mpira ukizunguka mno, tano ilikuja mapema. Wakati mwingine walifunga, wakati mwingine walikosa, lakini hata wakikosa watu walifurahi: angalau wametupa! Walishinda mechi, wakashinda nyingine. Jina la njiti iliyolowa likapotea midomoni. Mama Pasi alijiambia kwamba yeye hasemi uongo, anahimiza tu, kama mtu anavyomwambia mtoto wa shule kuwa saa moja imefika ilhali bado, ili asichelewe. Nani amewahi kuitwa mwongo kwa hilo?

Kisha ikaja mechi moja ambayo Njiti alitupa kutoka mbali, na mpira haukugusa ringi wala ubao wala wavu. Ulipita hewani, wageni wakaudaka. Binti aligeuka kurudi kulinda, uso ukielekea upande wa stoo, na kwa kitambo kidogo miguu yake ilisita, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Mama Pasi aliona. Alidhani mtoto ameumia, akasimama. Njiti alikuwa ameshaanza kukimbia tena.

Jioni hiyo mama aliosha vyombo, binti akavifuta.

"Mama," alisema Njiti, akiitazama sahani aliyoishika, "ile saa siku hizi inakimbia, eh?"

Mama Pasi alicheka, na kicheko kilichukua muda mrefu kuliko kilivyostahili. "Saa haikimbii, mwanangu. Nyinyi ndio mnalala."

Njiti alimtazama. Akaendelea kuifuta sahani iliyokwisha kukauka, akaiweka juu ya nyingine, akasema ana kazi ya kusoma.

Mlango ulikuwa umefunguliwa pale, mpana kabisa, na mama ndiye aliyeusukuma ukafungwa. Hilo alilijua hata maji ya vyombo hayajamwagwa. Angeweza kumfuata chumbani. Angeweza kusema maneno mawili. Badala yake alifuta meza, akaifuta tena.

Siku chache kabla ya mechi ya mwisho wa msimu, kocha alikuja dukani kuchukua jezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Ziko tayari. Moja ina damu ya pua, imetoka yote ila kivuli."

Kocha hakuzichukua. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaokota kifungo sakafuni akakichezea. "Mama, wewe huwa unaona mechi zote. Hebu nisaidie. Watoto mazoezini wanasubiri vizuri kabisa. Wanauzungusha mpira mpaka mlinzi mmoja anachoka, anamsahau mtu wake, na hapo ndipo mlango ulipo. Kipindi cha kwanza wanafanya hivyo. Kipindi cha pili wanaingiwa na pepo! Wanatupa tu, kama wameacha kitu jikoni."

"Labda ni kelele za watu," alisema Mama Pasi. Pasi yake ilikuwa imesimama mkononi, haiendi wala hairudi.

"Labda. Nimewakimbiza ngazi kila jioni kwa kosa hilo. Juzi mmoja alitapika. Binti yako hata hanung'uniki, anakimbia mbele yao tu, mdomo kaufunga." Kocha alisimama akachukua mzigo. "Afadhali wewe, mama. Mle ukumbini sauti yako ndiyo kitu pekee ninachokiamini."

Neno lilikuwa limefika kooni. Lilikuwa limefika kabisa. Akaingia mteja kuulizia suruali ya mwanawe, na neno likarudi tumboni lilikotoka.

Siku hiyo nzima Mama Pasi aliwaona akilini wasichana wakipanda ngazi na kushuka, wakipanda na kushuka, na mwanawe mbele. Kwa nini hanung'uniki? Jibu lilikuwa karibu mno, kwa hiyo hakuliangalia. Aliamua jambo moja: kuanzia sasa, tano itakuwa tano. Hatamwambia mtu, ataacha tu. Alidhani uongo ni kama pasi, ukichomoa waya umekwisha kazi. Na ni yeye, kati ya watu wote, aliyepaswa kukumbuka kwamba pasi iliyochomolewa bado inaunguza.

Mechi ya mwisho walikuja wageni wenye miili na majigambo, na mshindi ndiye angesonga mbele kwenye mashindano ya vyuo vyote. Atakayeshindwa, msimu umekwisha. Na kwa Njiti, mchezo wenyewe umekwisha.

Siku hiyo kitu kilitokea ambacho watazamaji hawakukitegemea. Mpira ulizunguka kama siku zote, lakini sasa ulizunguka kwa kusudi. Kulia, katikati, kushoto, na ghafla msichana mmoja yuko peke yake chini ya goli, ameachwa kama mzigo stendi, anafunga bila bughudha. Mara moja, mara nyingine. Kipindi cha pili, upande wa mlango, hali ilikuwa hivyo hivyo. Nafasi zilikuja mapema, hata Mama Pasi hakuhitajika kuhesabu.

"Kumbe kuna kitu hapa," alisema Kinyozi polepole, kama mtu anayeonja dawa akaikuta tamu. "Kumbe yule dada alikuwa anapika. Sisi tunafunua chungu tu."

Mama Pasi alikuwa akimtazama mwanawe akielekeza wenzake kwa kidole, uso umetulia, mzuri. Akawaza: laiti ningewaacha tangu mwanzo.

Wageni nao hawakuwa watu wa kulala. Mpaka dakika ya mwisho walikuwa mbele kwa pointi moja, na mpira ukawa mikononi mwa Njiti. Shambulio moja limebaki, labda na sekunde chache za ziada. Akaupandisha. Akampa wa kulia, akarudishiwa. Wageni walibana. Kushoto, ukarudi. Ukumbi ulinyamaza hata bati la paa likasikika likijikunyata.

"Wakimbize, Mama Pasi," alinong'ona Kinyozi. "Wakimbize kidogo."

"Leo simkimbizi mtu."

Saa ilisoma tisa. Nane. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa benchi. Saba. Sita.

"Tano!"

Njiti alikuwa na mpira kwenye mstari wa pointi tatu. Mlinzi wake alikuwa amerudi hatua moja, nafasi ya kutupa ilikuwepo, si nzuri sana lakini ilikuwepo. Hakutupa. Alidunda taratibu, akimngoja yule mrefu aliyekuwa akizunguka nyuma ya walinzi kwenda kwenye nafasi yake.

"Nne!"

Mabega ya binti yalikuwa ya mtu mwenye muda. Mama yake aliyatazama mabega hayo, na hapo ndipo alipoelewa, yote kwa pamoja: sahani iliyofutwa mara nyingi, ngazi zilizopandwa bila kunung'unika, miguu iliyosita. Mtoto anajua. Mtoto anaisikia nne yake na moyoni anaongeza sita.

Hakuhesabu tena. Alisimama juu ya benchi, sauti ikatoka kifuani yote.

"Ni kweli! Mwanangu, leo ni kweli!"

Njiti aligeuza shingo. Kwa mara ya kwanza tangu saa ya upande wa mlango ilipokufa, aligeuka kutazama nyuma akiwa na mpira, na alichokiona juu ya stoo kilikuwa moja. Mpira ulikuwa bado mkononi mwake honi ilipolia.

Wageni walipewa mpira. Waliushika, wakakumbatiana nao, na mechi ikaisha hivyo, bila hata mtu kutupa.

Kinyozi alimtazama jirani yake kutoka chini kwenda juu.

"Leo?" alisema. "Umesema leo, dada."

Watu wa benchi ya mbele waligeuka. Na Kinyozi, ambaye alikuwa na utani kwa kila msiba, aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

Mama Pasi aliteremka na chupa ya maji mkononi. Alifika karibu na benchi la timu wakati kocha akiwa amechutama mbele ya Njiti.

"Hukusikia hesabu?"

"Sikusikia, kocha. Kelele zilizidi. Kosa ni langu."

Wenzake walikuwa wakilia. Yule mrefu, aliyekuwa ameshafika kwenye nafasi yake mikono imenyooka, alimgeuzia Njiti mgongo. Mama alisimama pale na chupa yake, hatua chache tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imetembewa na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa akijifuta uso kwa jezi aliyompigia pasi yeye mwenyewe. Alitaka kusema. Alisema, "Maji haya, mwanangu." Njiti akayapokea, akashukuru.

Walirudi kwa miguu. Barabara ilikuwa na watu waliotoka mechini, na watu hao wakiwaona walipunguza sauti. Walipofika kwenye ngazi za nyumbani mama hakuweza tena.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile niliyotupa hewani. Mpira haukugusa kitu, kwa hiyo saa haikurudi mwanzo pale pale. Nilipogeuka nikaikuta bado ina sekunde nyingi." Njiti alizungumza kwa utulivu, kama anayesoma maelekezo ya dawa. "Baada ya hapo nikawa naongeza. Ukisema tano, najua ni kumi na kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza, mama."

Mama Pasi alishika reli ya ngazi.

"Nilikuuliza, ukasema tunalala. Nikasema basi, ana sababu zake. Nikangoja useme."

"Na kocha? Alivyokuwa anawakimbiza, mbona..."

"Ningemwambia nini? Kwamba mama yangu ananidanganya mbele ya watu?" Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Leo nilidhani ni moja ya zile tano za mapema. Yule mrefu alikuwa anakuja. Nilikuwa nimemwona. Ungekuwa mpira mzuri sana, mama. Mzuri kuliko yote tuliyocheza."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe," alisema Njiti, na alimaanisha. Alimshika mama yake mkono wakapanda. Msamaha ulikuja upesi, safi, na ndiyo maana uliuma. Mama alikuwa amejiandaa kugombezwa.

Asubuhi alikwenda kwa kocha kabla ya kufungua duka. Alimkuta akikusanya mipira ndani ya wavu. Akamweleza yote, tangu kumi na moja ile ya kwanza, bila kujitetea kwa kelele za watu wala kwa jina la njiti iliyolowa.

Kocha aliendelea kuokota mipira mpaka yote ikaisha. "Niliwakimbiza mpaka wakatapika," alisema mwishowe. "Kwa kosa ambalo hawakulifanya. Nikawaambia hawana akili ya kusubiri."

"Ni mimi, mwalimu."

"Ni wewe, na ni mimi pia. Ningepinda shingo mara moja tu nikaitazama hiyo saa." Akafunga wavu. "Binti yako aliniambia hakusikia. Mama, ukumbi mzima ulikusikia. Nilijua ananificha kitu, nikadhani anaficha woga wake." Akaahidi kuwaambia wasichana wote ukweli, na akawaambia. Yule mrefu alikuja nyumbani kumwomba radhi Njiti, wakakaa chumbani wakicheka jambo ambalo mama hakulisikia vizuri na hakuthubutu kusogea mlangoni.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Mama Pasi hayakuwa na subira hiyo. Yalihamia nyumbani siku ile ile, yakatafuta kiti.

Maisha yaliendelea. Njiti alikuwa mwema kama zamani, pengine zaidi. Alichota maji, alimsimulia mama habari za mitihani, alimtania kuhusu wasiwasi wake. Hakuna neno baya lililopita kati yao. Mtu wa nje angesema hakuna kilichoharibika.

Mchana mmoja wa mapumziko binti alikuwa akijiandaa kwenda kwa rafiki yake, anafunga mkoba, na mama alikuwa dirishani akikunja nguo.

"Mama, nje kunanyesha?"

"Hapana, mwanangu. Kukavu kabisa."

"Haya, asante."

Njiti akavaa viatu. Kisha akaja dirishani, akalisogeza pazia kidogo juu ya bega la mama yake, akatazama barabara, akatazama mawingu. Alifanya hivyo bila hasira, bila hata kufikiri, kama mtu anavyokohoa. Akambusu mama shavuni, akashuka ngazi akiimba.

Mama Pasi alibaki ameshika shati lililokunjwa nusu. Kulikuwa kukavu kabisa.